Moodle na akaunti 340 kwa mkupuo: maoni ya msimamizi wa mfumo chuoni

Ofisi ya udahili imeniletea jedwali la mwaka wa kwanza Alhamisi mchana. Majina 340, na Jumatatu asubuhi wote wanatakiwa wawe ndani ya mfumo wa masomo. Chuo chetu cha ualimu kinatumia Moodle, ile programu huria aliyoianzisha Martin Dougiamas kule Australia, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Huu ni mwaka wangu wa sita kuisimamia. Walimu huipima kwa kozi na majaribio. Mimi naipima kwa ukurasa ambao wao hawauoni kabisa, ule wa akaunti za watumiaji.

Nianze na kutafuta. Kuchuja kwa jina peke yake hakunifikishi mbali. Ukiandika "Juma" unaletewa na kina Mwajuma wote, na chuoni kwetu hao si wachache. Raha yake iko kwenye vichujio vingine: aliyewahi kuingia na asiyewahi, aliyeingia mara ya mwisho kabla ya tarehe fulani, aliyesimamishwa, aliyemo kwenye kundi fulani. Unaviweka kimoja juu ya kingine mpaka watu 1,200 wanabaki 14, na hao 14 ndio unaowataka. Kazi hiyo zamani nilikuwa naifanya kwa kalamu na orodha iliyochapwa.

Kuwaingiza wanafunzi wapya unatumia faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato. Safu za lazima ni nne: "username" (jina la kuingilia), "firstname" (jina la kwanza), "lastname" (jina la mwisho) na "email" (barua pepe). Ukishapakia, kabla hakijaandikwa kitu, unaonyeshwa mistari ya mwanzo ilivyosomwa. Tafadhali usiipite haraka sehemu hiyo. Mimi huongeza idadi ya mistari ya kukagua hadi nione faili lote, halafu najimiminia chai na kusoma.

Namba zetu za usajili zina mkwaju, mfano CH/0045/2024. Moodle isiporuhusiwa kwenye mipangilio, haipokei mkwaju kwenye jina la kuingilia, na herufi kubwa haizipokei kabisa. Ukiiachia isanifishe majina yenyewe, mwanafunzi huyo anakuwa ch00452024. Mwaka wangu wa kwanza sikuliona hilo. Jumatatu saa mbili foleni ilikuwa imefika ngazini. "Madamu, nimeandika kama ilivyo kwenye kitambulisho, inanikatalia." Walikuwa sahihi, kitambulisho kilisema hivyo. Siku hizi naandaa mwenyewe jina la kuingilia lisilo na mkwaju, na namba kamili naiweka kwenye safu ya "idnumber", ambayo inaipokea ilivyo. Kisha kila darasa linabandikiwa mfano mmoja ukutani.

Jambo jingine ni barua pepe. Wanafunzi wetu wengi hujaziwa fomu za maombi na mtu wa stesheneri, naye akikosa barua pepe ya mwombaji anaweka yake. Safari hii nimekuta wanafunzi 11 wenye anwani moja. Moodle, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, haikubali anwani moja kwa akaunti mbili, kwa hiyo kumi kati yao ingewakataa. Kuna wasimamizi wanaolizima zuio hilo ili kazi iende. Nawasihi wasifanye hivyo. Mwanafunzi akisahau nenosiri, kiungo cha kulibadilisha kinatumwa kwenye anwani hiyo hiyo, maana yake mwenye stesheneri anashika funguo za watu 11.

Sasa nije kwenye kufuta. Katika toleo tunalotumia, ukurasa wa kazi za mkupuo una visanduku viwili, cha watu waliopatikana na cha uliowachagua. Ukibadilisha kichujio, uliowachagua mwanzo wanabaki palepale mpaka uwaondoe. Miaka mitatu iliyopita asubuhi nilichagua wanafunzi 26 wa mwaka wa tatu ili niwatumie ujumbe. Baada ya chakula nikarudi, nikachuja akaunti za majaribio, nikaziongeza, nikabonyeza kufuta. Ukurasa wa uthibitisho ulinitajia majina yote. Sikuyasoma. Wale 26 waliondoka pamoja na alama zao za mazoezi ya kufundisha, na hakuna kitufe cha kuwarudisha. Nilifungua nakala ya akiba ya usiku uliotangulia kwenye kompyuta nyingine, nikazitoa alama moja moja, nikazirudisha kwa mkono siku mbili mfululizo. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo namwondoa kila mtu kwenye kisanduku cha waliochaguliwa kabla sijaanza kazi yoyote.

Na sifuti tena mwanafunzi, nasimamisha. Aliyesimamishwa hawezi kuingia, lakini kazi zake na alama zake zinabaki, na aliyeahirisha mwaka akirudi anafunguliwa kwa dakika moja. Ninachokikosa kwenye toleo letu ni kazi hiyo kuwepo kwenye orodha ya mkupuo. Natumia faili lenye safu mbili, "username" na "suspended" yenye 1, nachagua kusasisha waliopo tu, kisha nahakikisha usimamishaji umeruhusiwa kwenye fomu. Ruhusa hiyo ikiwa imezimwa, faili linapita na hakuna anayesimamishwa.

Kwa chuo chenye mtu mmoja wa TEHAMA kama chetu, naipendekeza Moodle bila kusita. Haidai ada ya leseni kwa kila kichwa, na akiba ya saa ninazozipata kwa faili moja ni kubwa.

Wale 11 nimewapigia simu mmoja mmoja jana. Tisa wameshanitumia anwani zao. Wawili hawana simu zenye intaneti, watakuja ofisini kesho tuwafungulie barua pepe pamoja, nenosiri waliandike wenyewe.