TAHADHARI: Muuza "namba moja kwenye Google" amerudi huku shamba

Assalaam alaykum. Wenye nyumba za wageni, mikahawa, mafundi cherehani, watembeza wageni, hili nalileta kwenu kabla hamjatia saini karatasi ya mtu. Kuna kijana anapita na begi la kompyuta, anauza mkataba wa mwaka mzima wa "kupandisha biashara kwenye Google". Mimi kanila milioni moja na elfu hamsini, na si pesa zilizonifanya niandike. Wiki ya pili ya Disemba, vyumba vyangu sita vimetandikwa, mgeni alisimama mlangoni hapa Jambiani na simu mkononi akaniuliza kama tunafanya kazi bado. Ramani ya Google ilikuwa imemwandikia kwamba nyumba yangu imefungwa moja kwa moja.

Alikuja Aprili, masika yamekaza. Anayeishi pwani hii anajua Aprili ilivyo: mvua, wageni hakuna, unamlipa mlinzi na umeme kwa pesa za msimu uliopita. Watu hawa kalenda yetu wanaijua kuliko sisi. Akakaa barazani, akaagiza chai, akatazama huku na huku. "Bi mkubwa, nyumba nzuri hivi, tabu yake haionekani." Akatoa simu, akaandika kitu, akanigeuzia kioo: nyumba yangu ndiyo ya kwanza juu kabisa. "Hapo nimeigusa kidogo tu. Nikiishughulikia mwaka mzima, utakuwa wa kwanza Zanzibar nzima."

Yakhe, alichoandika ni jina la nyumba yangu mwenyewe, tena amekaa barazani kwangu. Tafuta jina la kibanda cha urojo ukiwa umesimama mbele yake, nacho kitatoka cha kwanza. Google wenyewe wameeleza kuwa matokeo ya biashara za karibu hupangwa kwa mambo matatu: inavyolingana na kilichotafutwa, ilivyo mbali na anayetafuta, na inavyojulikana. Mtu aliyekaa Forodhani mjini akitafuta pa kula haletewi Jambiani, zaidi ya kilomita 50, hata nimlipe nani. Na wameandika wazi kuwa hakuna mtu wa kukuahidi nafasi ya kwanza, na nafasi kwenye ramani hainunuliwi. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hutiwa alama kuwa ni tangazo. Ukurasa wenyewe wa biashara, ule unaotokea kwenye Google na ramani yake, ni bure. Haya yote nimeyasoma Januari. Aprili nilikuwa nasoma bei ya unga.

Kilichonimaliza ni kuwa jambo moja alilosema lilikuwa kweli. Alinambia kazi hii haizai leo wala kesho, hungoja miezi minne mpaka mwaka. Ndivyo hasa. Hata Google, wakieleza namna ya kumwajiri mtu wa kazi hizi, hutaja muda huohuo. Kwa hiyo mkataba wa mwaka ulionekana una akili: laki na nusu kwa mwezi, mitatu ya mwanzo nilipe mbele. Mwezi wa pili nikimuuliza mbona kimya, "Bi mkubwa, vuta subira." Mwezi wa nne, "Ndiyo kwanza inaota." Utamdai nini mtu aliyekwambia mapema usitarajie kitu? Anayefanya kazi na asiyefanya, kwa miezi sita ya kwanza wote wanakupa jibu moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana cha kukuonesha alichokifanya, na mimi sikujua niulize nini.

Sasa nisomeni vizuri hapa, maana ndipo alipouchukua mlango wa nyumba yangu na ufunguo wake.

Ukurasa wetu alikuwa ameufungua mtoto wa dada yangu, anasoma chuo Tunguu, kwa barua pepe yangu. Kijana akasema ili afanye kazi lazima aingizwe. Nikampa simu anirekebishie, mwenyewe nikaenda jikoni kutazama samaki. Akajiingiza kama mmiliki. Kulikuwa na nafasi ya meneja, ambayo ingemtosha kwa kazi yote, lakini yeye akachukua ya umiliki. Baada ya siku kama tisa akarudi "kukagua", chai tena, simu tena. Nilidhani ni bidii. Kumbe mmiliki mpya hukaa siku saba kabla ya kuruhusiwa kuwaondoa wenzake au kupewa umiliki mkuu. Alikuwa anangoja siku zitimie. Kwenye simu yangu, kwa mikono yake, akajifanya mmiliki mkuu, kisha akaniondoa mimi. Sikugundua mpaka Disemba, kwa sababu mgeni akitafuta nyumba bado anaiona, na mimi sikuwa na tabia ya kuingia humo.

Taarifa zilikuja kila mwisho wa mwezi, karatasi nzuri yenye mstari unaopanda kama mlima. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeziweka mbili ubavuni. Juni: watu 1,284 wameiona biashara yako. Agosti: watu 1,284 wameiona biashara yako. Mwezi tu ndio uliobadilishwa. Na hesabu za kweli zipo ndani ya ukurasa wenyewe: wangapi wamepiga simu, wangapi wameomba kuelekezwa njia, wangapi wamebonyeza kwenda kwenye tovuti. Mwenye kazi ya halali anakufungulia hapo, kwenye simu yako, mnatazama pamoja. Huyu katika miezi saba hajanifungulia hata mara moja.

Septemba zikaanza nyota. Usiku mmoja maoni kumi na moja, yote nyota tano. Nikafurahi, nisiseme uongo, nikawasomea wafanyakazi. Wa kwanza kashukuru kwa bwawa la kuogelea. Bwawa letu ni bahari, na ikitoka unaenda miguu nusu saa kuifuata. Wa pili kasifu machweo, jua linavyozama baharini mbele ya chumba chake. Jambiani! Sisi jua linatoka baharini, linazama nyuma ya minazi huko barabarani. Anayetaka kuliona likizama majini aende Nungwi au Kendwa. Mtoto wa dada yangu akafungua majina ya wasifiaji hao: siku hiyohiyo wamewasifu daktari wa meno na gereji za nchi ambazo mimi sijapata kuzisikia. Maoni ya kununua yamekatazwa, na yakigundulika hufutwa. Mzee mmoja wa Chake Chake mwenye vyumba vinne, kijana huyuhuyu alimjazia jina la nyumba kwa maneno ya Kizungu, hoteli bora, bei rahisi, ufukweni, Pemba, mpaka jina likawa refu kuliko kibao. Hilo nalo limekatazwa: jina liwe lile lililoandikwa mlangoni. Ukurasa wake ukasimamishwa, akawa hayupo kabisa kwenye ramani.

(Na mimi nina langu la kukiri. Nilikuwa nawapa wageni dafu la bure wakiniandikia nyota. Kumbe na hilo haliruhusiwi. Dafu sasa natoa tu, nyota atoe anayetaka.)

Lakini lililonikera kuliko bwawa ni hili. Kile kidude chekundu cha ramani, kwetu kilikuwa kimechomekwa pasipo pake, kwenye minazi nyuma ya skuli. Miaka yote wageni walikuwa wanakokota mabegi mchangani mpaka uwanjani, watoto wanawacheka, kisha mmoja anawaleta kwangu kwa mia tano. Nilimwambia siku ya kwanza. Alitikisa kichwa, akaandika kwenye daftari. Nimemlipa miezi saba, na kidude hakijasogea hata hatua moja. Nilipourudisha ukurasa nilikisogeza mwenyewe kwa kidole, haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Novemba nikamwambia basi, sina imani tena, silipi. Hakubisha. Hilo ndilo lingenishtua, mtu wa pesa asiyebisha. Siku chache baadaye akaingia kwenye ukurasa akaandika nyumba imefungwa moja kwa moja, akakaa kimya kungoja msimu. Nilipompigia, akasema kwa adabu ileile kwamba mfumo umenigomea kwa kuvunja mkataba, na kuufungua ni laki nane. Adabu haikumtoka hata siku hiyo, "samahani bi mkubwa" kila baada ya neno.

Sikumpa. Tulilofanya ni hili, na lipo kwa kila mtu. Ukitafuta biashara yako kwenye ramani ukakuta ina mwenyewe mwingine, kuna mahali pa kuomba umiliki. Aliyeushika hupelekewa barua na ana siku tatu za kujibu. Wetu hakujibu, nadhani alijua akijibu ataacha alama. Siku tatu zilipopita tukapewa nafasi ya kuthibitisha wenyewe kwa video: uoneshe njia na mtaa, kibao cha jina, kisha ufungue kwa ufunguo ionekane kuwa wewe ndiye mwenye pahala, yote kwa mkupuo mmoja bila kukata. Video ya kwanza ikakataliwa. Kibao chetu kimeliwa na jua na chumvi, lilibaki neno "nyumba" na mkia wa herufi moja. Tukamwita fundi wa rangi, kikaandikwa upya, tukapiga ya pili, mbuzi wa jirani wamo lakini kibao kinasomeka. Ikapita. Ukurasa ukarudi siku chache kabla ya sherehe za Mapinduzi. Krismasi na mwaka mpya vilishapita, na vyumba vitatu vililala vitupu siku ambazo mwaka uliotangulia nilikuwa nakataa watu.

Tovuti ndiyo imepotea. Jina la tovuti hiyo kijana alilisajili kwa jina lake yeye na barua pepe yake yeye, kwa pesa yangu, na huko hakuna video ya kumshinda. Tumeanza nyingine, mara hii risiti ya usajili ina jina langu.

Simsemi vibaya kila anayefanya kazi hii. Yuko binti mmoja Mwanakwerekwe ananisaidia sasa, na kazi yake naiona kwa macho. Aliingia kama meneja, simu nikiishika mimi. Alinifanya nichague aina sahihi ya biashara, maana tulikuwa tumeandikwa mkahawa tu, anayetafuta chumba hatuoni. Akapiga picha za vyumba kama vilivyo. Akahakikisha namba ya simu ni ileile kila tulipoandikwa, na Ramadhani saa za mkahawa tunazibadilisha kabla mgeni hajaja kugonga mchana. Maoni tunayajibu yote, hata ya yule Mtaliano aliyelalamikia jogoo. Nae kasema itachukua miezi, neno lilelile. Ila kila mwezi ananiandikia alichokigusa, na hajaniomba malipo ya mwezi usiokuwa na kazi.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, ingia kwenye ukurasa wa biashara yako, fungua sehemu ya watu na ruhusa zao, tazama mmiliki mkuu ni nani. Ikiwa ni barua pepe usiyoijua, anza kuomba umiliki usiku huohuo, usimpigie simu kwanza. Mimi nilipiga simu, nikampa muda wa kupanga bei.

Karatasi zangu zimeshafika polisi, na namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Mwenye mkataba wake au taarifa zile za 1,284 aniandikie ndani, mzee wa Chake Chake kesha kubali tuziunganishe. Namba ya zamani haipatikani tena. Jumamosi kaonekana Kiwengwa, anatumia jina jingine, begi lilelile la buluu, na huagiza chai kwanza.