Uzoefu wangu: nimepiga shabaha na SAR ya JKT, Garand, na 303 aliyobeba babu Bama

Aisee wadau, jumamosi iliyopita nimeenda kupiga shabaha na bunduki za kijeshi za zamani na mpaka leo bega la kulia linauma nikivaa shati, lakini nimefurahi kiasi ambacho sijafurahi muda mrefu, kwahiyo naandika ndefu mnivumilie.

Niko Texas, nje kidogo ya Houston. Huku viwanja vya shabaha vipo kila kona. Hiki nilichoenda sikitaji jina maana kuna mambo yamenikera ntayasema huko mbele, ila ni uwanja wa wazi, mnapiga mkiwa chini ya bati refu, mbele majani, mwisho tuta la udongo, na shabaha ziko yadi 50, 100 na 200. Wana siku zao za kukodisha bunduki za vita za zamani, unachagua tatu, kila moja unapewa risasi 20, na mwalimu anasimama nyuma yako muda wote. Miwani na vile vya kuziba masikio vimo ndani ya bei. Mimi nililipa dola 140 na ukitaka risasi za ziada za .303, zile za bunduki ya Kiingereza ya zamani Lee-Enfield, ni dola 2 kila moja, ghali kweli, lakini ndio hivyo, risasi hiyo siku hizi hainunuliki bei ya karanga.

Jambo moja kabla sijasahau, hasa kwa vijana waliokuja huku masomoni. Kama uko kwa viza ya muda usikurupuke, sheria ya Marekani inawakataza wengi wenye viza za namna hiyo kushika silaha hata ya kukodi, kuna vighairi kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, sasa uliza vizuri kwanza usije ukajiharibia makaratasi kwa starehe ya saa mbili. Mwenye green card hana shida hiyo. Walinikagua kitambulisho mlangoni, nikasaini karatasi, nikapigwa darasa la usalama dakika ishirini. Mtutu unaangalia mbele siku zote, kidole nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari, na mtu yeyote akipaza sauti ya kusimamisha, hata awe mtoto, wote mnaweka chini.

Nikaanza na SAR. Waliopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wanaijua. Mimi nilikuwa kambi ya Ruvu 1990, kwa mujibu wa sheria, kuruta mwembamba kama ufagio, na hiyo bunduki nimelala nayo, nimekimbia nayo, nimeadhibiwa nayo juu ya kichwa, lakini kuipiga nilipiga risasi tano tu mwaka mzima na maganda afande aliyahesabu moja moja. Huku wanaiita SKS. Aliyeibuni ni Mrusi, Simonov, na Wachina wakaanza kuitengeneza mwaka 1956 wakaiita Type 56, na hiyo ya Kichina ndiyo sisi tuliyoijua. Yule kijana wa kaunta aliponiwekea mezani nikaigeuza upande wa kushoto nikaona pembetatu ndogo na namba 26 ndani, alama ya kiwanda, chini yake mbao imechubuka pale pale mkono unapokaa, na ile harufu, jamani, harufu ya grisi ya zamani iliyoingia kwenye mbao haitoki tena. Nilisimama nimeishika nikamuona afande wetu, na yule mwenzangu wa kitanda cha juu ambaye alikuwa anaimba usiku, na uji usio na sukari. Miaka zaidi ya thelathini imepita na mkono wangu wenyewe ulikwenda ukakunjua singe bila mimi kuufikiria, mwalimu akaniangalia akasema huyu siku yake ya kwanza sio leo.

Kupiga SAR ni raha tupu. Haina teke kali, unasukumia klipu ya risasi kumi kwa kidole gumba zinazama ndani krrrr, unavuta bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, unaachia, halafu ni kufyatua tu, inajikoki yenyewe. Ikiisha inabaki wazi inakwambia njaa. Yadi 50 nikaweka risasi nyingi ndani ya duara la sahani ya chai. Ishirini ziliisha kabla sijashiba. Kwa anayeanza, aanze na hii.

Garand sitasema mengi, ni bunduki ya Wamarekani wa vita kuu ya pili, nzito, kilo nne na ushee, inakula risasi nane kwenye klipu ya chuma na ya mwisho ikitoka klipu inarushwa juu na mlio wa kengele, ping, na watu wote kwenye mstari wanageuka wanacheka. Tundu lake la kulengea lipo karibu na jicho, kwa mtu wa miaka hamsini na kidogo kama mimi hilo ni neema. Chungeni kidole gumba tu, bolti ikijifunga nacho humo ndani hamtasahau.

Sasa tuje kwenye iliyonipeleka.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya. Wakubwa mnajua, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Alitoka Iringa kijana, akapelekwa Seiloni 1943, hiyo Sri Lanka ya leo, na 1944 wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani, mwenyewe mpaka anakufa 1987 alikuwa anasema Bama. Waliteremka bonde la Kabaw kipindi cha masika ya kule, mvua isiyokatika, tope la magoti, malaria inaua kuliko risasi, na Desemba ile wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Babu alikuwa anakumbuka pia habari iliyowafikia wakiwa bado Seiloni, kwamba meli iliyotoka Mombasa na wenzao wa mizinga imezamishwa. Nilipokuwa mkubwa ndio nikajua ni ile Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944, walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki. Hapo babu alikuwa akinyamaza na sisi tunanyamaza.

Lakini habari za kuua watu hakutusimulia hata siku moja. Alichokuwa anasimulia ni bunduki. Na kuna vitu viwili ambavyo sisi wajukuu tulikuwa tunamcheka navyo, tukiamini ni uzee. Cha kwanza alikuwa anasema bunduki ukishapiga unaiogesha kwa maji ya moto, yanayochemka, unamimina kwenye mtutu. Sisi tunasema babu, chuma na maji si kutu hiyo? Anasema nyie hamjui kitu. Cha pili, alikuwa akichukua mpini wa jembe anatuonyesha walivyokuwa wanapiga haraka haraka, anaushika begani, mkono wa kulia unanyanyua, unavuta, unasukuma, unafunga, na anafyatua kwa kidole cha kati. Cha kati! Kila mtoto anajua bunduki inafyatuliwa na kidole cha shahada. Binamu yangu mmoja alikuwa anamuigiza mpaka bibi akamchapa.

Basi kijana akaileta. Lee-Enfield, SMLE Mark III, imegongwa Lithgow 1942, kiwanda cha Australia. Kitako kina bamba la shaba nyeupe ya kuparara, jua la Texas lilishaipasha nikaruka nilipoiweka begani. Mbele pua yake butu, imefunikwa mbao mpaka mwisho, na masikio mawili ya chuma yanailinda nanga ya kulengea, kile kijiti cha mbele. Kama umewahi kusimama Posta mpya pale Dar chini ya ile sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927, ukaangalia juu ile bunduki aliyoshika na singe mbele, basi unalijua umbo ninalolisema. Mimi nimepita chini ya sanamu ile na daladala miaka na miaka, sikujua iko nzito hivi, kilo nne, na babu alitembea nayo kwenye tope kutoka bondeni mpaka mtoni.

Na hapa ndipo lilipotokea la kunikera. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako chake, mdomo kama wa kifuniko cha soda. Zikipangwa kwenye klipu za tano tano, ukingo wa ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ya chini, vinginevyo zinashikana ndani na hakuna inayosogea. Kijana wa kaunta alikuwa amezipanga ovyo. Nikapiga moja, ya pili ikagoma. Yeye badala ya kutulia akaanza kuigonga bolti kwa kiganja, paa paa, na risasi imo humo nusu imeingia! Nilisogea nyuma hatua tatu. Mwalimu, mzee mmoja mtulivu sana, akamzuia, akatoa magazini, akamwaga zote mezani. Dakika kumi na tano zilipotea hapo na saa yangu haikusimamishwa, nilipolalamika kaunta nikaambiwa muda ni muda. Hilo si sawa. Nimelipia, kosa ni lao, na la usalama zaidi ya yote, mtu asiyejua kupanga .303 asiachwe azipange.

Ila mzee akakaa na mimi mezani akanifundisha kuzipanga mwenyewe, moja nyuma moja mbele, na tulipokuwa tunapanga nikamuuliza, hivi zamani mlikuwa mnazisafishaje? Akasema risasi za wakati ule fataki yake, ile inayowasha baruti, ilikuwa inaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inavuta unyevu, kesho yake kutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoyeyusha, na yakiwa ya moto chuma kinapata joto kinakauka haraka, halafu ndio unapaka mafuta. Akasema Waingereza walikuwa hata na faneli maalum ya kumiminia.

Niliweka risasi chini. Nikamwambia babu yangu aliniambia hivyo hivyo nikamcheka. Mzee akauliza babu alikuwa wapi, nikamwambia Burma, akaondoa kofia.

Tukarudi kwenye mstari, yadi 100. Hii bunduki tofauti na nyingine, spring inabanwa ukiwa unasukuma bolti kwenda mbele, sio ukiwa unafungua. Kwahiyo kunyanyua ni kwepesi kama kufungua mlango wa kabati, na uzito wote unakuja mwishoni wakati mkono wako tayari una mwendo. Ndio maana ina kasi. Jeshi la Uingereza kabla ya vita ya kwanza lilikuwa linataka askari apige risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, shabaha yadi 300, na magazini inabeba kumi, maana yake katikati unajaza tena. Nikamuuliza mzee, wanawezaje? Akachukua mkono wangu wa kulia, akabana kidole gumba na cha shahada kwenye kirungu cha bolti, akasema hivi viwili visitoke hapo. Usipoteze muda kuachia na kushika tena.

Nikasema sasa nafyatua na nini?

Akagonga kidole changu cha kati.

Wadau, siwezi kueleza vizuri. Mkono wangu ulikuwa vilevile kama mkono wa babu kwenye mpini wa jembe, ule mkunjo wa ajabu wa vidole ambao binamu alikuwa anaigiza tukagaragara kwa kicheko. Nilipiga kumi mfululizo na nilikuwa nazisikia kwa sauti yake, nyanyua, vuta, sukuma, funga, na teke lake ni kubwa, linasukuma bega lote nyuma, lakini ukiikaza vizuri begani ni kama mtu mzima anakusukuma kwa nia njema. Sijafika hata nusu ya kasi ile. Kati ya ishirini, kumi na tatu ziligusa karatasi, na mwanya wa kulengea kwenye hii uko mbali na jicho kwahiyo kwa macho yangu nanga ya mbele ilikuwa ukungu. Nikanunua kumi nyingine, dola ishirini, sikuona uchungu.

Kwenye gari nikampigia baba mdogo Iringa, kule ilikuwa usiku, akapokea kwa wasiwasi akidhani msiba. Nikamuuliza baba, unakumbuka mzee alikuwa anafyatua mpini kwa kidole gani? Akakaa kimya kidogo akasema cha kati, kwani vipi? Nikamweleza yote. Akasema subiri nimwamshe mama yako mdogo asikie.

Narudi mwezi ujao na mtoto wangu wa kiume, ana miaka 22, uraia wake wa huku hana tatizo. Nitataka mzee yule yule, nitachukua 303 peke yake, risasi zote sitini ziwe zake, na klipu nitazipanga mwenyewe. Kijana wa kaunta akae kaunta. Mkienda bebeni taulo ndogo ya kuweka begani kwa ajili ya lile bamba la shaba, na nendeni asubuhi kabla jua halijaipasha.