Nimekwenda Amboni Kutafuta Mlango wa Mombasa

Toka ni mdogo Kibokoni, Mombasa, nikisikia ati kuna pango Tanga ambalo ukiingia na moyo ukiwa nao, utatembea chini kwa chini hata utokee Mombasa. Wapi Mombasa, hapo kila mtu na lake. Bibi yangu akisema Likoni. Jirani yetu mmoja, baharia, akiapa ni ndani ya Ngome ya Yesu yenyewe. Mimi ni fundi mwashi, nimekula chumvi na chokaa ya Mji wa Kale zaidi ya miaka thelathini, nimefukua misingi ya nyumba nisizozihesabu, na mlango wa Tanga sijapata kuuona. Basi mwezi uliopita nikaamua nikautafute kwa upande wa pili, kwenye Mapango ya Amboni.

Pango nalipa nyota nne kati ya tano. Safari niliyouziwa ya kulifikia, nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva, maskini.

Tuanze na ubaya tumalizane nao. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeiona hiyo safari kwenye simu: kwenda na kurudi siku moja, gari la kiyoyozi, chakula cha mchana, kiingilio ndani ya bei. Jina la wenyewe naliweka kapuni. Kiyoyozi kilikuwa ni kufungua dirisha. Chakula kilikuwa soda na mandazi mawili ya jana, na tulipofika tukaambiwa kiingilio kila mtu ajilipie. Feri tulivuka saa kumi na moja alfajiri, Lunga Lunga tukafika mapema, lakini mpakani tukakaa saa mbili nzima kwa sababu wawili kwenye gari walikuja na kitambulisho tu, bila pasi, na mmoja hana kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aliyetuuzia safari hakuwaambia. Ukishavuka Horohoro ni lami kilomita 65 hadi Tanga mjini, na pango liko kama kilomita 8 kabla hujaingia mjini, upande wa kijiji cha Kiomoni. Kwa hiyo usikubali mambo ya siku moja. Panda basi lako, lala Tanga, nenda pangoni asubuhi kabla jua halijachachamaa.

Mkwe wangu alitukataza kwenda kabisa. Anakumbuka Februari 2015, askari walipopambana na watu wenye silaha eneo la Amboni, na tangu hapo kwake jina lenyewe ni la bunduki. Sisi tulichokikuta ni miti mikubwa, mbega wakirukaruka juu na mikia yao mieupe, na kijana wa kutembeza wageni aliyeniamkia "Shikamoo mzee wangu", akasubiri niitikie marahaba ndipo akaendelea na maneno. Kwetu siku hizi kijana wa umri ule anakwambia "vipi mzee" huku anatazama simu.

Kijana anajua kazi yake. Alituketisha kivulini kwanza, akatupa historia kabla ya kutupa tochi, jambo nililolipenda. Mapango yako kumi, akasema, na wageni huingizwa katika moja tu. Kabla ya mzungu kuja na ramani, palikuwa pa kuombea: Wasegeju, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, wote wakija kwa mizimu yao, mwenye kutafuta mtoto, mwenye ugonjwa usioeleweka. Halafu ukaja mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na haukuchukua muda Tanga yote ikawa mistari ya mkonge. Mwaka 1922, tayari ni wakati wa Waingereza, ndipo eneo la mapango likawekwa chini ya hifadhi, na kampuni ya mkonge ya Amboni ndiyo iliyokuwa na ardhi ile. Mwaka 1963, uhuru una miaka miwili, likaingia mikononi mwa Idara ya Mambo ya Kale. Nilimuuliza kama wale mabwana wa mkonge walilihifadhi kwa mapenzi ya mawe ama kwa kuwa mkonge hauoti juu ya mwamba. Akacheka, hakujibu.

Sasa ndani.

Mlango ni mpana, unaingia kichwa juu na heshima zako. Hatua kadhaa mbele dari inashuka, joto linapanda, na harufu ya popo inakupiga usoni. Mwenye pumu afikiri mara mbili. Kuna mahali unapita kwa upande kama kaa, na pengine kwa magoti. Kitambi changu kilikwama pahali pamoja hata binti yangu akanisukuma kwa nyuma. Mama watoto alikuja na buibui na kanda mbili. Buibui alilifunga fundo kiunoni, kanda zikamtesa njia nzima. Vaeni viatu vya kushika ardhi, na kila mtu awe na tochi yake, kwa sababu ya kijana ni moja na yeye yuko mbele.

Kwa wengi, raha ya Amboni ni maumbo. Kijana anamulika ukutani: "Huyu hapa mamba. Hii meli. Hii Sanamu ya Uhuru ya Marekani. Na hili kochi, mzee wangu, kaa upigwe picha." Watoto wanapenda sana, na sikatai, mamba yule ni mamba kweli. Lakini mimi nilikuwa nishaachwa nyuma, natazama dari.

Niwaeleze kwa nini. Sisi huku chokaa ya kazi tunaipata hivi. Unachukua mawe ya matumbawe, unayapanga kwenye tanuu na magogo, unayachoma usiku na mchana mpaka hewa ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe itoke yote. Linabaki jiwe jepesi, jeupe. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila moto, tunaita kuzima chokaa. Unailaza siku nyingi, ndefu ndiyo bora, kisha unapiga lipu. Na ile lipu, ikishakaa ukutani, inaanza kuivuta hewa ile ile kutoka nje, polepole, miaka kwa miaka, hata irudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa baharini. Hii ndiyo siri ya nyumba za Mji wa Kale, na ndiyo ninayogombana nayo kila siku na wenye nyumba wanaotaka niwapigie saruji juu ya ukuta wa zamani. Saruji inaziba, unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani.

Pangoni niliikuta kazi hiyo hiyo, bila tanuu na bila mwiko. Maji ya mvua yanapita udongoni, yanabeba hewa ukaa, yanakuwa makali kidogo tu, basi yanaanza kulila jiwe la chokaa na kushuka nalo kwenye nyufa. Yakifika darini mwa pango, tone linaning'inia, ile hewa inaponyoka, na chokaa kiasi ambacho jicho halikioni inaganda pale pale. Tone likianguka linakwenda kuacha nyingine sakafuni. Juu panaota ncha, chini panaota kichuguu, na zikijaliwa kukutana zinakuwa nguzo. Fundi hana haraka.

Nilisimama chini ya ncha moja nene kama kidole gumba. Tone lilikuwa limeshajaa, likitetemeka. Nikahesabu. Nilifika arubaini na tatu ndipo likadondoka, juu ya kijiwe cha mviringo, cheupe, kilicholowa, chenye kibonyeo katikati kama mtu aliyebonyeza unga kwa kidole. Nikasubiri la pili. Mama watoto akaniita mara tatu, ya nne kwa jina langu kamili.

Jiwe lenyewe, kijana alisema, lina miaka milioni 150 hivi, tangu hapo pote palipokuwa chini ya bahari. Nikaligusa pembeni, mahali alipokubali. Ni gumu, la kijivu, limeshikana. Letu la Mombasa ni mtoto mbele yake: jiwe la matumbawe lina matundu, ukilipasua unaona bado nyumba za wale wadudu wa baharini walioijenga miamba, na hata shoka linalipata. Kule Bamburi tulilichimba tukalisaga saruji tangu miaka ya hamsini, mashimo yakabaki, kisha kuanzia 1971 yakapandwa miti mpaka leo watu hulipa kwenda kutazama viboko na twiga mle. Ukweli ni kwamba jiwe la chokaa likikutana na binadamu mara nyingi huishia tanuuni. La Amboni limepona, na Kiomoni yenyewe wachoma chokaa hawako mbali.

Kuna pembe moja waliyoweka chupa za marashi, vitambaa, majivu ya ubani. Si maonyesho, watu huja mpaka leo, kijana akashusha sauti. Mama watoto akasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, midomo naiona. Mbele kidogo ni pale wanaposema walijificha Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi enzi za mkoloni. Kwa kijana wetu hao ni mashujaa waliowanyima usingizi walowezi. Mzee mmoja Mtanga tuliyekuwa naye akanong'ona kwamba wakati wao watu wa kawaida nao walifunga milango mapema. Ningependa kumsikiliza zaidi yule mzee kuliko kuonyeshwa meli.

Katika kundi letu kulikuwa na bwana mmoja aliyelalamika tangu mlangoni: mbona hawajaweka taa pango zima, mbona hakuna ngazi za chuma, hivi ndivyo utalii unavyokuzwa? Nilimjibu kwa adabu, na hapa namjibu tena. Taa ikiwaka muda mrefu pangoni, ukuta unaota ukijani. Wageni wakizidi, pumzi zao zinabadilisha hewa. Ufaransa wana pango la mawe hayo hayo ya chokaa, Lascaux, lenye michoro ya watu wa kale. Walilifungulia umma mwaka 1948, watu wakamiminika, na mwaka 1963 wakalazimika kulifunga kwa sababu ukuta umeanza kuharibika. Mwaka ule ule Amboni ikikabidhiwa Mambo ya Kale. Mimi nataka vyoo vizuri nje, mahali pa kunywa maji, na kofia ngumu kwa kila kichwa, maana changu kiligonga dari mara mbili. Ndani kubaki giza. Na mikono kukaa mifukoni: pale ambapo kila mgeni hushika, jiwe limeshakuwa jeusi na linang'aa kama mkono wa ngazi ya nyumba ya zamani. Mafuta ya kiganja yakishapaka jiwe, chokaa mpya haishiki. Ni kama kupiga lipu juu ya ukuta uliomwagiwa samli.

Ukiwa na siku ya ziada, njiani kurudi kata Shimoni, upande wetu wa Kenya. Lile ni pango la matumbawe, fupi kwa mgeni, bahari iko hapo hapo, na linasimamiwa na wanakijiji wenyewe. Uzito wake ni mwingine: inasimuliwa watu walifungiwa mle wakingoja majahazi ya Unguja, kabla Sultani Barghash hajapiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Pale hutatazama dari.

Nirudi kwa lililonipeleka. Tulipokaribia kumaliza, kijana akasimama kwenye tundu jembamba, upana wa sufuria ya pilau ya arusi, akatangaza: "Na hii ndiyo njia ya Mombasa." Akatupa na kisa cha Wazungu wawili walioingia na mbwa wao, wao wasionekane tena, mbwa akaja kuonekana kule Kilimanjaro. Binti yangu, ambaye alishasoma yote kwenye gari, akamwambia, "Lakini kaka, Wajerumani na Waturuki si walipima mwaka 1994? Refu kuliko yote lilikuwa mita 900." Kijana akakiri bila kinyongo. Ni kweli, akasema, lakini nikianza na mita 900 watu wa Mombasa hawanipi bakshishi.

Nikaomba nitie kichwa hata hivyo. Nimesikia habari za tundu hilo miaka hamsini, siwezi kuondoka bila kuchungulia. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono wa tochi kwanza, kisha kichwa. Mbele giza na vumbi la popo. Lakini upande wa kulia, usawa wa sikio langu, mtu alikuwa amechimba kwa msumari, herufi nene, kwa bidii: MSA 001, yaani Mombasa na namba ya kaunti yetu, na chini yake moyo wenye mshale.

Nikatoka kinyumenyume. Kijana akaona uso wangu, akaona haya. "Wageni, mzee wangu," akasema.

"Si wageni hawa. Hawa ni wetu."

Nikarudi nikatia ukucha ndani ya ile M, nione kama maji yameshaanza kuifunika. Kavu kabisa. Upande ule hakuna tone linalopita.