Prius yangu ya okazio Lubumbashi: injini inayorudisha hewa ilikotoka

Gari nililolitaka si hili. Niliota Mazda RX-8, ile yenye injini ya Wankel isiyo na pistoni hata moja: rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la karanga. Lita 1.3 tu, na inapanda mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika. Nilifundisha fizikia miaka sita kabla ya kuhamia biashara ya vitenge, na mchoro wa rota niliuchora ubaoni mara nyingi kuliko mtaala ulivyoomba.

Nikampelekea picha papa fundi wangu wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Akaitazama, akanirudishia simu.

"Mama, hiyo siku ikikataa kuwaka, nani hapa atakupimia kompresio yake?"

Sikuwa na jibu. Kompresio ni nguvu ya injini kubana hewa; rota moja ina vyumba vitatu vya kuibana, na kipimo cha kawaida kinashika namba ya chumba chenye nguvu zaidi. Kimoja kikivuja, hukioni. Zile sili, vizibo vya kwenye ncha za rota, ndizo zilizoitesa NSU ya Ujerumani. Ro 80 yao ilichaguliwa Gari la Mwaka Ulaya mwaka 1968, huku wateja wakirudi na injini zilizochoka mapema, na mwaka 1969 kampuni ikaingia mikononi mwa Volkswagen. Mazda walivumilia, hata wakashinda mbio za magari za Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya rota nne. Sawa, lakini Le Mans si Katuba.

Basi nikachukua Prius ya okazio, yaani iliyokwisha tumika, ya mwaka 2008: Toyota ya haibridi, yenye injini ya esansi (petroli) na mota ya umeme. Ikaja kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa na usukani wake wa kulia. (Kupita lori la shaba ukiwa umekaa upande wa kulia katika nchi inayoendesha kulia ni jambo la kuombewa. Abiria wa mbele ndiye macho yako.)

Kila mtu huniuliza habari za batri. Injini hakuna anayeiuliza, na kwangu ndiyo yenye hadithi.

Injini ya kawaida, ile ya Nikolaus Otto ya mwaka 1876, pistoni yake husafiri mwendo mmoja: inavyobana hewa ndivyo inavyosukumwa baada ya moto. Kwa hiyo gesi inatoka bado ina nguvu. Kelele unayoisikia kwenye egzosi, sehemu yake ni esansi uliyolipia. Mwingereza James Atkinson, miaka ya 1880, alitaka pistoni ibane kwa safari fupi na isukumwe kwa safari ndefu. Akaunda mikono ya chuma iliyopindana ili kuifikisha huko. Hesabu ilikubali, chuma kilikuwa kingi mno, na injini yake haikuenea.

Toyota hawakuirudia ile mikono. Wanachelewesha tu kufunga vali ya kuingizia hewa. Pistoni inaanza kupanda, sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka, ndipo vali inafunga. Unabana kidogo, unavuna kirefu. Uwiano wa kupanuka ni 13 kwa 1. Ukorofi wote wa Atkinson umehamia kwenye majira ya vali.

Siku ya kwanza papa fundi alipofungua boneti alicheka mpaka akashika kiuno. "Hii si ya Ist?" Alikuwa amekaribia sana. Injini yangu ni 1NZ-FXE; Toyota Ist ya 1.5, ile inayobeba watu mji mzima, ina 1NZ-FE. Ni ndugu wa tumbo moja, lita 1.5 zote mbili. Filta ya oili niliinunua kwa muuzaji yuleyule, ikaingia. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuiota ile rota.

Ila ndugu hawa hawalingani nguvu. Ist inatoa nguvu za farasi 109, yangu 76. Hewa uliyoirudisha haifanyi kazi, na kwa mji ulio kwenye mita 1,200 hivi hewa yenyewe ni nyepesi tangu mwanzo. Pengo hilo linazibwa na mota ya umeme ya kilowati 50. Demareri (starta) haipo, alternateri haipo. Mota nyingine ndiyo inayowasha injini na kuchaji batri.

Mjini ni raha. Kwenye msongamano wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, injini inazima, gari linatambaa kimya, na vijana wa barabarani wanakugongea kioo wakidhani umeishiwa. Nina daftari: miaka miwili, ninakaa kati ya lita 5.2 na 5.6 kwa kilomita 100. Ist niliyokuwa nayo zamani ilikuwa karibu 9.

Barabara ya Kolwezi ni habari nyingine. Mpaka Likasi hakuna neno. Baada ya hapo, kwenye vilima vya kuelekea Fungurume, nikiwa na watu wanne na mizigo, batri inashuka, injini inabaki peke yake na farasi zake 76, inalia kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mahindi. Gari halifi, ila usithubutu kupita lori.

Kiangazi cha kwanza ikawaka pembetatu nyekundu, taa ya onyo kwenye dashibodi. Garaji moja ya mjini wakasema batri imekufa, dola 1,200, lete nusu. Nikarudi Katuba. Papa fundi akachomoa kwanza kile kishikio cha usalama, maana humo mna volti 200 na waya za rangi ya machungwa si za kuchezewa, akafungua feni ya kupoza batri. Imejaa vumbi jekundu na nyuzi za vitenge. Tundu la hewa liko kando ya kiti cha nyuma, na mimi miezi yote nilikuwa nikilifunika kwa marobota. Akanitoza dola 20, na maneno juu.

Sasa tunasafisha kila mwanzo na mwisho wa kiangazi, na marobota yanakwenda kwenye buti.

Jirani yangu anataka niliuze kwake. Anapeleka abiria Kolwezi kila wiki. Nimemwambia aje Jumamosi na watu wanne, twende wote hadi Fungurume, yeye ndiye aendeshe, ndipo tuongee bei.