Canon 700D kwa Video: Inapofaa na Inapokuacha Njiani

Hamjambo wadau, karibuni. Hapa Kisumu leo tuna Canon 700D mezani, na lenzi yake ya 18-55 STM (STM ni mota yake ya fokasi). Ni kamera ya 2013, kwa hiyo ukiiona inauzwa, mara nyingi imeshapitia mikono ya watu. Wapiga picha wanaoanza wanaipenda kwa bei. Sisi leo picha za kawaida tunaziacha, tunataka kujua kama inaweza kubeba harusi, ibada, mazishi na mahojiano upande wa video.

Nianze na uamuzi kabisa, asiye na muda aende zake. Picha yake ya video ni safi kuliko watu wanavyoisema. Ubaya wake ni kwamba inasimama katikati ya kazi, na ikisimama haisemi.

Tazameni skrini. Nimesukuma swichi ya kuwasha ikapita ON hadi kwenye alama ya video, nikabonyeza kile kitufe chenye kitone chekundu kando ya tundu la kutazamia. Saa inahesabu. Ikifika dakika 29 na sekunde 59, kurekodi kunakatika. Hakuna mlio, hakuna taa inayokuita, kile kitone chekundu cha kwenye skrini kinapotea tu. Umeifunga kwenye stendi nyuma ya kanisa, wewe uko mbele unapiga picha, hutajua mpaka jioni ukifungua kompyuta.

Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, haijashindwa hapo. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukihesabu kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video, na ushuru wake ulikuwa juu. Watengenezaji wakaona heri waikate sekunde moja kabla. Ndiyo maana mahubiri ya Kondele, hapa Kisumu, yanakatwa na hesabu za forodha za Ulaya.

Dawa yake ni kuikata wewe kabla haijakukata. Mazishi ya huku mnayajua: familia, wazee, chama, majirani, halafu waheshimiwa na maiki yao isiyorudi. Kila maiki inapobadilisha mkono, bonyeza kusimamisha, bonyeza tena kuanza. Unapoteza sekunde mbili za mtu kukohoa na kurekebisha koti. Kila msemaji anapata klipu yake, na ukikaa kuhariri hutafuti hotuba ya shemeji ndani ya faili moja refu. Msemaji akivuka dakika 25, subiri watu wapige makofi, kata, anza upya.

Kuna ukomo wa pili ambao watu huuchanganya na huo. Kwa 1080, yaani video ya HD kamili, kamera hii inakula takriban MB 330 kila dakika, na faili moja haivuki GB 4. Yaani kila baada ya dakika 11 au 12 faili limejaa. 700D inafungua jingine yenyewe na kuendelea. 600D na 550D hazifanyi hivyo, zenyewe zinasimama hapo hapo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia 600D na 700D ni kitu kimoja, kwa video si kweli.

Kadi ya GB 32 itakupa kama saa moja na nusu. Mwendo wa kuandika ni karibu MB 5.5 kwa sekunde, basi kadi ya Class 10 halisi (inayoandika angalau MB 10 kwa sekunde) inatosha, usilipie zaidi. Neno ni "halisi". Kadi ikiwa nzito kuandika, upande wa kulia wa skrini hutokea kipimo kidogo kinachopanda. Kikijaa, kurekodi kunakatika, na hiyo ni sababu nyingine ya ile "kamera yangu inajizima". Kadi mpya ijaze yote nyumbani kwanza, ufungue mafaili ya mwisho uone kama yanacheza, halafu uifomati ndani ya kamera yenyewe.

Joto nalo. Sensa ikiwa inalisha skrini inafanya kazi hata kama hurekodi, hivyo ukiiacha kwenye alama ya video ukingoja bibi harusi, inachemka bure. Ikipata joto inaonyesha alama ya kipimajoto, kwanza nyeupe, kisha nyekundu. Nyekundu maana yake kurekodi kutakatika karibuni. Saa nane ya mchana Kisumu, juani, usiibishie: mwavuli juu ya stendi, skrini uifungue iachane na mgongo wa kamera, na uzime kila panapokuwa na kungoja. Kwa betri ya LP-E8, Canon wenyewe wanataja kama saa 1 na dakika 40 za video ikiwa mpya, ukiwa kwenye nyuzi 23. Betri iliyotumika haifiki huko. Kwa shughuli ya siku nzima beba tatu. Penye stima, tumia betri bandia ya DR-E8 na adapta yake.

Sasa mipangilio, na hapa ndipo wengi wanaiharibu. Ingia menyu ya spana, tafuta mfumo wa video, weka PAL (ule wa fremu 25 kwa sekunde). Stima ya Kenya ni 50 Hz, na taa humetameta kwa kuifuata. Kamera nyingi zilizotumika huja zikiwa NTSC, mtu anarekodi fremu 30 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, halafu analalamika kwamba taa za ukumbi zinapitisha mistari myeusi. Weka PAL, 1080 kwa fremu 25, gurudumu la juu kwenye M (unapanga mwenyewe), shata 1/50. Gurudumu dogo karibu na kitufe cha kupigia linabadilisha shata. Ukishikilia kitufe cha Av na kulizungusha hilo hilo, unabadilisha uwazi wa lenzi. Mistari ikibaki jaribu 1/100. Jenereta iliyochoka haishiki 50 Hz sawasawa, hapo utasogeza shata mpaka itulie.

Nje mnaona shida yake. Jua la saa sita, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, shata 1/50, lenzi itakudai f/22, yaani uwazi mdogo sana. Kwa f/22 picha inalegea, na kila chembe ya vumbi la murram iliyokaa juu ya sensa inaonekana kama doa angani. Ndipo mtu anakimbilia shata 1/1000. Angalieni klipu hizi mbili za mikono ya mpiga isukuti. Ya kwanza ni 1/50, mkono unavutika na ngoma inatiririka. Ya pili ni 1/1000, mkono unarukaruka kama umekatwakatwa. Kinachohitajika ni kioo cheusi cha ND, cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi. Kutoka f/22 hadi f/5.6 ni hatua nne, kila hatua mwanga mara mbili, hiyo ni ND16. Lenzi hii inachukua ukubwa wa milimita 58. Vile vya kuzungusha ni rahisi kutumia, ila ukivifikisha mwisho vinachora msalaba mweusi katikati ya picha, acha kabla ya hapo.

Tukae kidogo kwenye jambo ambalo huwezi kulirekebisha kwa menyu. Kamera imeelekezwa paa la mabati upande wa pili wa barabara. Naizungusha polepole kushoto. Mmeona? Mabati yametoa mawimbi ya rangi, kijani na zambarau, yanatembea. Sensa ina pikseli milioni 18 na video inahitaji milioni 2 tu. Kamera inaruka mistari mingine badala ya kuisoma yote, na mistari iliyokaribiana ya mabati inagongana na mistari iliyorukwa. Mashati ya miraba midogo yanafanya vivyo hivyo. Huku kwetu kila mandhari ina mabati, kwa hiyo jifunze kuyatoa nje ya fokasi: mtu wako msogeze mbele, fungua lenzi, paa lilegee nyuma. Ukihoji mtu, mwombe avae shati la rangi moja.

Sensa pia inasomwa kutoka juu kwenda chini, si kwa pamoja. Bodaboda ikipita kwa kasi karibu na kamera, magurudumu yake yanainama. Ukishika mkononi ukitembea, jengo zima linatetema kama uji. Stendi, basi.

Fokasi. Video inainua kioo cha ndani, tundu la kutazamia linakuwa giza, na ule mfumo wa haraka wa fokasi wa kupigia picha unafungwa nje. 700D inafuata mtu kwenye video, na lenzi ya STM ni kimya, lakini inatafuta: inaenda, inapita, inarudi. Maharusi wakitembea kuja kwako utapata nusu ya safari. Kwa mtu aliyekaa, zima ule ufuatiliaji wa fokasi kwenye menyu ya video, sukuma lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono), kuza skrini mara 5 kisha mara 10 kwenye jicho kabla ya kurekodi, shika fokasi, rudisha, anza. Kama kazi yako ni watu wanaotembea, ongeza pesa ununue 70D au 200D, ambazo sensa yake inapima fokasi yenyewe kwa Dual Pixel. 250D ina 4K (video yenye pikseli nyingi kuliko 1080), lakini kwenye 4K inakata sana kingo za picha na ile Dual Pixel haifanyi kazi.

Sauti nimeiacha mwisho lakini ndiyo itakayokuuza au kukuharibia. Kuna tundu la maiki la milimita 3.5, jambo ambalo 1300D na 2000D hazina. Tundu la vipokea sauti hakuna, kwa hiyo unarekodi bila kusikia, unategemea vile vijiti vya kipimo tu. Toa sauti kwenye Auto, weka Manual. Ikiwa Auto, kila mtu akinyamaza kamera inapandisha sauti yenyewe, unasikia shhh, akianza kusema inashuka ghafla. Sikilizeni hii… na hii. Vilele vya sauti viache vigonge karibu na -12 dB kwenye kipimo. Ufukweni Dunga, maiki isiyo na manyoya itakupa upepo wa ziwa na neno moja moja.

Kurusha ibada mubashara? Sahau. HDMI yake, lile tundu la kupeleka picha nje, inatoka na alama za skrini juu ya picha.

Ukienda kuinunua, nenda na kadi yako na maiki yako. Fungua ile skrini na kuizungusha mara kadhaa ikiwa imewashwa, ukiona inazimika kwenye pembe fulani waya wa ndani unakaribia kukatika. Chomeka maiki, itikise kidogo kwenye tundu kamera ikirekodi, kisha cheza klipu usikie kama sauti inakatakata. Piga ukuta mweupe kwa f/22 uhesabu madoa. Kisha iwashe video, uiweke mezani, mzungumzie bei hadi ifike 29:59.