Kozi ya sheria ya biashara: niliahidiwa mikataba ya kila siku, nikaona mkataba wa bodaboda ukirushwa mezani

Hasira haijanipoa, na sidhani kama itapoa kwa kungoja, kwa hiyo naandika hivihivi.

Kozi ninayoizungumzia ni ya utangulizi wa sheria ya biashara, masomo ya jioni, kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Jina la chuo naliacha. Ada, ratiba na orodha ya mada mtavisoma wenyewe kwenye kipeperushi chao. Mimi kilichonipeleka ni mstari mmoja tu wa kipeperushi hicho: kwamba mwanafunzi atajifunza kuchambua mikataba ya maisha ya kila siku. Nina duka la vifaa vya ujenzi Tabata. Naingia mikataba kuanzia nikifungua mlango hadi nikifunga: saruji ya mkopo kwa fundi, rangi ya oda, kodi ya fremu ninayolipa miezi sita kwa mkupuo, gari la kubeba mzigo nililokubaliana bei kwa simu. Nikasema hapa ndipo pangu.

Darasa lilikuwa la watu kama mimi. Mama mmoja wa upishi wa sherehe, wakala wa miamala ya simu, dalali wa vyumba, walimu wawili wa sekondari, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akija na kofia yake ngumu na kukaa kiti cha mbele kabisa. Kijana yule alikuwa hakosi. Alikuwa akiandika kila neno.

Siku za mwanzo mwalimu wetu alitufundisha vizuri, lazima niseme. Alituambia kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotumika Tanzania Bara tangu 1961, imefuata kwa karibu sana sheria ya India ya 1872, na kwamba kifungu cha 10 ndicho mlango wa nyumba nzima: makubaliano yote ni mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Akasisitiza, tena akagonga ubao, kwamba kwa kawaida sheria haidai karatasi ya namna fulani. Mdomo unatosha, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka maandishi. Ukimwambia muuza mchicha "nipe mafungu mawili", akakupa, ukalipa, hapo mmefunga mkataba na kuutekeleza. Tukafurahi wote. Mwisho wa kipindi akasema, kwa kinywa chake, "Wiki ijayo mwenye mkataba wake nyumbani aje nao, tuusome hapa."

Basi kijana wa bodaboda akaja nao.

Ulikuwa kwenye mfuko wa nailoni, umekunjwa mara nne, kurasa mbili zilizochapwa stationery, chini sahihi mbili na muhuri wa serikali ya mtaa. Mkataba wa pikipiki wa aina ambayo mji huu unaendeshwa nao: mwenye pikipiki anakukabidhi chombo, unampelekea hesabu kila siku, na muda ukiisha chombo kinakuwa chako. Wake ulikuwa wa shilingi 10,000 kwa siku, miezi 14. Matengenezo juu ya dereva. Kadi ya pikipiki inabaki kwa mmiliki. Halafu kile kipengele kilichomleta darasani: dereva akishindwa kuleta hesabu siku tatu mfululizo, chombo kinarudi kwa mmiliki na dereva hatakuwa na madai yoyote.

Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Alikuwa ameumwa malaria, hesabu zikakatika, na mwenye pikipiki alishaanza kumpigia simu za vitisho.

Mwalimu akaupokea kwa vidole viwili. Akasoma mistari ya kwanza kwa sauti ya kuigiza, akiburuza maneno, mpaka nusu ya darasa ikacheka. Kisha akasema, "Huu si mkataba. Hii ni barua ya kuomba msamaha." Kijana akajibu kwa adabu, "Mheshimiwa, umegongwa muhuri wa mtaa." Mwalimu akasema, "Basi nenda kwa huyo mwenyekiti aliyekugongea, akakufundishe. Mimi hapa sifundishi bodaboda. Mtu mwingine ana mkataba wa kueleweka, ikiwezekana wa Kiingereza?" Akaurusha ule mkataba mezani, ukateleza, ukaanguka chini upande wa pili. Kijana akainama kuuokota mwenyewe.

Nilinyoosha mkono. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba hata mdomo unatosha. Huu una watu wawili wazima, una hela, una kitu cha halali, una sahihi. Umepungukiwa nini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia na ombaomba. "Mama, kaa chini, tuna silabasi ya kumaliza."

Nikakaa. Ila moyo wangu haukukaa.

Kwa sababu alichokifanya hakikuwa utovu wa adabu peke yake, kilikuwa ni kufundisha uongo. Mkataba haukosi kuwa mkataba kwa sababu umeandikwa Kiswahili cha mtaani na kuchapwa stationery. Na hilo la kutaka wa Kiingereza ndilo linaloniudhi mpaka leo. Bunge lilibadilisha sheria 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwalimu wa sheria anajua hilo kuliko mimi. Bado mbele ya watu arobaini anamfundisha kijana kwamba jasho lake la miezi kumi na moja ni kichekesho kwa kuwa halikuandikwa kwa lugha ya wakubwa.

Nilikwenda ofisini kwao. Dada wa mapokezi hakuinua hata macho: "Malalamiko yanaandikwa." Nikaandika. Sijajibiwa.

Kama ningeandika usiku ule, hapa ndipo ningeishia, na ningewaambia msitoe hata shilingi. Bahati mbaya kwa hasira yangu, kulikuwa na vipindi vya marudio Jumamosi, na vipindi hivyo vilikuwa chini ya mwalimu msaidizi, binti mdogo tu, sidhani kama amefika miaka thelathini. Tulimpelekea ule mkataba. Akavuta kiti, akausoma kimya mpaka mwisho, kisha akasema, "Huu ni mtamu sana. Tunautumia leo kipindi kizima."

Na akautumia. Kwanza akamuuliza kijana: wewe ulielewa nini, unakodi pikipiki au unainunua kidogokidogo? Akasema ananunua. Akauliza: na mwenzako alielewa nini? Kijana akanyamaza. Hapo akatusomea kifungu cha 13, kwamba watu wanahesabiwa wamekubaliana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Karatasi ilisema mahali pamoja "kukodisha", mahali pengine "chombo kitakuwa mali ya dereva". Akatuonyesha kwamba ugomvi wote umelala katikati ya maneno hayo mawili, kwa sababu mpangaji aliyeshindwa kodi na mnunuzi aliyekwisha kulipa sehemu kubwa ya bei si watu wa hali moja.

Kisha akaja kwenye siku tatu. Akaandika ubaoni: hesabu zilizokosekana, 30,000. Upande wa pili: alichokwisha kulipa kwa miezi 11, takriban shilingi milioni 3.3. Akauliza, aliyevunjiwa mkataba amepata hasara ya ipi kati ya hizi? Ndipo akafungua kifungu cha 74: mkataba ukiwa umetaja kiasi au adhabu kwa atakayeuvunja, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Hakumdanganya kijana kwamba ameshinda. Alimwambia wazi kwamba mwenye pikipiki naye ana hoja zake, kwamba hakimu atasikiliza pande zote, na kwamba jambo la kwanza si mahakama, ni kumwandikia mmiliki, kumweleza ugonjwa, kuambatisha cheti cha hospitali, kupeleka zile siku zilizokosekana na kupata sahihi ya kupokea. Akamuuliza pia, pikipiki ikiibiwa nani anabeba? Karatasi ilikuwa kimya. Darasa zima likashusha pumzi. Wakala wa miamala akatoa simu, akaanza kupiga picha ubao.

Nilimtazama yule kijana. Ni mara ya kwanza nilimwona akitabasamu tangu siku ile.

Sasa niwape vipi alama? Maana kuna jingine, na ni la yule mwalimu wetu aliyerusha mkataba mwenyewe, nalo linanikera kwa kuwa ni zuri. Kipindi chake cha tiketi na risiti sijawahi kuona mfano wake. Alitupa kesi ya Chapelton ya 1940, mtu aliyekodi viti vya ufukweni Uingereza, akapewa tiketi, kiti kikakatika akaumia. Nyuma ya tiketi palikuwa na maneno ya kukwepa dhima, yaani mwenye viti hawajibiki mtu akiumia. Mahakama ikasema hapana, mtu wa kawaida anachukua ile karatasi kuwa risiti tu. Akaunganisha na ya Thornton ya 1971, ya mashine ya maegesho: masharti unayopewa baada ya kuwa umekwisha kufunga mkataba hayakubani. Hukumu za Uingereza baada ya 22 Julai 1920, tarehe ambayo sheria yao ilipokelewa huku, si amri kwa mahakama zetu, akasema, lakini majaji wetu huzisoma na kuzipima.

Nikawaza zile risiti za Kariakoo zenye mhuri mwekundu, "mali ikishauzwa hairudishwi", unazopewa hela ikiwa imeshaingia kwenye droo. Kesho yake dukani kwangu maneno hayo yalihama kutoka kwenye risiti kwenda ukutani, juu ya kaunta, mteja ayaone kabla hajatoa pesa. Na chini yake nikaongeza kwamba bidhaa mbovu tunabadilisha, kwa sababu Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina jambo lake: mteja akikueleza shida yake, akategemea ujuzi wako kama muuzaji wa bidhaa hizo, kuna sharti lisilotamkwa kwamba utakachompa kitafaa kwa shida hiyo. Mtu akiniambia anataka rangi ya ukuta wa nje unaopigwa na mvua, nikampa ya ndani, maneno yangu ya ukutani si ngao ya kujifichia. Faida hiyo peke yake imenirudishia ada. Nasema kweli.

Kwa hiyo mtu huyu anajua. Hilo ndilo linalonichoma. Asingejua, ningemhurumia.

Halafu ukaja mtihani, nikarudi palepale pa hasira. Swali kubwa lilikuwa la kesi ya Felthouse ya 1862: mjomba anamwandikia mpwa wake kwamba asiposikia neno atahesabu farasi ni wake kwa pauni 30 na shilingi 15, na mahakama inasema kimya si kukubali. Kesi nzuri, siibezi. Lakini katika darasa lile hakuna mwenye farasi. Wote tuna simu zinazoletewa ujumbe wa huduma ambayo hatukuiomba na salio likakatwa. Wote tumebonyeza "nakubali vigezo na masharti" ya mkopo wa simu saa nne usiku mtoto akiwa na homa. Kubadilisha farasi akaweka simu kungemgharimu nini? Somo ni lilelile, kifungu ni kilekile. Sharti tu ukubali kwamba maisha ya muuza duka na dereva yanastahili kuandikwa kwenye karatasi ya mtihani.

Huwa nasikia watu wakisema walimu wa sheria ndivyo walivyo, wakali, zoea. Sizoei. Yule aliyetaka mkataba wa Kiingereza alikuwa na mbele yake mkataba unaosainiwa kila kukicha katika kila kijiwe cha jiji hili, umeletwa na mtu ambaye maisha yake yananing'inia kwenye kipengele kimoja, akaona hauna hadhi. Wakili wa maana angeushika kwa mikono miwili.

Nilianza nikitaka kutoa nyota moja. Kwa ajili ya binti wa Jumamosi ningetoa tano. Kipindi cha tiketi kinanivuta kwenye nne, meza ile inanirudisha kwenye mbili. Naacha tatu, na huenda kesho nikazibadilisha.

Uandikishaji ukifunguliwa tena, nendeni mkaulize kwanza kama vipindi vya marudio bado vipo na kama ni binti yuleyule. Wakisema ndiyo, lipeni, na mikataba yenu mwende nayo Jumamosi, si siku za kati ya wiki. Wakisema ameondoka, mimi nisingelipa.

Na kama mwalimu wetu atayafikia maneno haya: yule kijana bado anasoma hapo chuoni kwako, muhula huu wa pili, kiti cha mbele. Anadaiwa samahani, na anadaiwa mbele ya darasa lilelile lililocheka.