Vibonge vya Sorbothane chini ya mashine ya santuri: vinunue au viache?

Habari zenu wapenzi wa santuri, karibuni. Mezani nina pima maji ndogo ya duara, na vibonge vinne vya Sorbothane, yaani plastiki laini kama mpira ya kumeza mtetemo, vile vya nusu duara, ukivibonyeza vinarudi taratibu. Mashine ya majaribio ni Technics SL-1200MK2, toleo la mwaka 1979, kilo 12 na ushee.

Tuanze na pima maji, maana wengi huruka hapa wakakimbilia miguu ya bei mbaya. Iweke juu ya sahani inayozunguka, usiiweke kwenye bodi ya mashine. Kabla hujaiamini, igeuze nusu mzunguko palepale: kipovu kikihama, pima yenyewe haiko sawa. Programu ya simu siitumii. Kamera imechomoza mgongoni, simu yenyewe hailali. SL-1200 ina miguu ya kuzungusha, unakaza na kulegeza mpaka kipovu kikae kati. Wenye Rega Planar, miguu yenu haipandi wala haishuki, sawazisheni rafu.

Kwa nini tuhangaike hivi? Sindano inakandamiza mfereji wa santuri kwa gramu mbili hivi tu. Mashine ikiinama, mkono wenye sindano unavutwa upande mmoja na ukuta mmoja wa mfereji unabeba kuliko mwenzake. Santuri ya stereo ina kushoto ukuta huu, kulia ukuta ule, kwa hiyo utasikia zile "s" za mwimbaji zinakwaruza kwenye spika moja.

Haya, mtetemo. Zima mota, shusha sindano kwenye santuri iliyosimama, pandisha sauti kiasi, gonga rafu kwa kidole. Kiasi, jamani, msiniunguzie spika. Sikilizeni... duf! Hiyo ni bila vibonge. Sasa nimeviweka chini ya ubao mzito, mashine juu yake... mmesikia? Bado upo, lakini umefifia na haukokoti.

Vibonge hivi huchaguliwa kwa uzito vinaoubeba. Vikizidiwa vinalala chapati, vikibeba kidogo vinabaki vigumu, na kote huko havikusaidii. Pima mashine pamoja na ubao, gawa kwa nne, ndipo usome pakiti. Halafu vikishabebeshwa huendelea kubonyea, tena si sawasawa, kwa hiyo kesho yake rudisha pima maji juu ya sahani. Na huweza kuacha doa la mafuta kwenye vanishi, tanguliza kigae.

Hatua za miguu ni habari nyingine. Kwenye nyumba za sakafu ya mbao, kama nyingi za Uingereza, mtu akipita sindano inaruka. Mtetemo ule ni wa polepole mno, kitu laini kinaweza hata kuuzidisha. Dawa yake ni rafu ya ukutani. Wengi wetu huku tumekaa juu ya zege. Kinachotuponza ni spika kukaa meza moja na mashine. Besi inaingia kwenye sindano, inatoka tena kwa spika, mpaka inaanza kuvuma "uuu". Zitoe mezani kwanza, ni bure.

Kwa hiyo pima maji, nunua leo. Vibonge, kama umeshatoa spika na duf bado ipo, vinastahili. Ukigonga rafu na husikii kitu, hela hiyo kanunulie santuri.